Acheni petroli: nyuki wa ukutani hawakutumwa na mtu

Wandugu, tuseme neno lenyewe kabla hatujazunguka. Kumwagia petroli nyuki walioingia ukutani mwa nyumba ni ujinga, na sisi vijana wa Nakivale tumechoka kuuona. Tumechoka pia kusikia eti nyuki hao wametumwa. Na tumechoka kupewa vyeti vya ufugaji wa nyuki bila glavu hata moja. Hilo la mwisho tutalisema polepole, maana kuna watakaoudhika.

Petroli kwanza. Nyumba zetu munazijua: miti na udongo wa kukandika, juu bati kwa aliyejaliwa, turubai kwa mwingine, na wengine mpaka leo nyasi. Upande wa Base Camp zimesongamana, jiko la huyu linagusa chumba cha kulala cha yule. Anaitwa kijana, anakuja jioni na chupa ya petroli na kitambaa kwenye fimbo. Anamwaga kwenye tundu, anawasha. Wanaokufa ni nyuki walio karibu na mlango. Walio ndani wanatoka wakiwa wazimu, na gizani nyuki hukimbilia mwanga, maana yake wanakwenda kwa jirani aliyewasha taa ya sola watoto wasome. Na sega ni nta, nta ndiyo mshumaa. Mutu anawasha mshumaa ndani ya ukuta wa miti mikavu, halafu anadai alipwe!

Wengine wamejiona werevu, wakaacha moto wakashika dawa ya nyanya, ile ya kupulizia shambani. Kweli, nyuki wanakufa. Lakini asali inabaki palepale ukutani, na watoto wetu wana pua. Kesho yake wanachokoa tundu kwa kijiti, wanalamba. Nani atawafuata kuwaambia kwamba asali ile imepuliziwa sumu? Nyuki wa mizinga ya jirani nao wanakuja kuiba, wanabeba sumu hadi kwao.

Na bado haijaisha. Kundi likiwa hai, nyuki wenyewe hupepea kwa mabawa na kulinda sega zisiyeyuke, na wadudu wasiingie. Wakifa wote hakuna mlinzi. Bati linapata moto mchana, nta inalegea, asali inachuruzika ukutani, siafu na mende wanaitana. Kisha harufu ya nta ya zamani inavuta kundi jingine msimu unaofuata, kwenye tundu lilelile, kwa kuwa hakuna aliyesafisha wala kuziba. Kijana wa petroli anaitwa tena, analipwa tena. Labda ndiyo sababu yeye hajawahi kushauri mutu azibe tundu.

Sasa hilo la kutumwa. Hapa ndipo tunapokasirika zaidi, kwa sababu petroli inachoma ukuta, lakini neno hili linachoma mutu. Katika kijiji kimoja cha huku kwetu, nyuki waliingia juu ya dari ya familia yenye watoto wadogo. Kabla ya jua kuzama jina la mwenye kosa lilikuwa limeshapatikana: bibi mjane anayeishi peke yake nyuma ya nyumba hiyo, wa kabila jingine, anayesema Kiswahili cha kuvunjika. Ushahidi? Eti wiki iliyopita waligombana juu ya jerikani bombani. "Nyuki haziji bure, zimetumwa." Wiki nzima yule bibi hakwenda kuchota maji mchana. Watoto wa watu walirusha mawe juu ya bati lake. Wazee walinyamaza, na wazee wetu, kwa heshima yote, kunyamaza kule tulikusikia.

Munatuonyesha kwenye simu zile video za mwizi aliyefunikwa na nyuki hadi akarudisha pikipiki. Sawa, tumeziona. Video inaonyesha nyuki juu ya mutu, haionyeshi aliyewatuma. Wafugaji wengi wanajua kwamba kundi lililo safarini likitua, hutua popote alipotua malkia: mtini, kwenye usukani wa baiskeli, hata kwenye kofia.

Lakini kwa upande mmoja munasema kweli. Nyuki hutumwa, tena hutumwa na nyuki wenzao. Kundi likijaa, malkia wa zamani hutoka na sehemu kubwa ya vibarua, anamwachia binti yake mzinga. Wanatua mahali wakining'inia kama kifurushi, na wapelelezi wanatawanyika kutafuta tundu. Mwaka 1949 huko Munich, mji wa Ujerumani uliokuwa bado na magofu ya vita, mtafiti Martin Lindauer alitazama kundi la namna hiyo. Aliona nyuki wakicheza ile ngoma ambayo mwalimu wake Karl von Frisch alikwisha kuonyesha kwamba ndiyo nyuki huelekezana maua. Lakini wachezaji hawa hawakubeba chavua. Walikuwa wachafu, mmoja ana masizi, mwingine vumbi jekundu la matofali. Walikuwa wametoka kukagua dohani na kuta zilizobomoka. Kila mmoja alikuwa akisifu nyumba aliyoiona, mpaka kundi likakubaliana. Von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Bibi yetu mjane hajapata hata kiti mkutanoni.

Nyuki wa Afrika wana sababu nyingine tena ya kuhama. Wakikosa maua na maji, wakichomwa au wakisumbuliwa, hubeba asali tumboni na kuacha kila kitu. (Mwenzetu mmoja alitaka tuandike hapa kwamba nyuki ni wakimbizi kama sisi. Tukamkatalia. Mkimbizi hadungi watoto wa jirani.) Basi wanatafuta pakavu, pana giza, pana mlango mdogo. Hapo sisi tumewatengenezea: pengo kati ya ukuta na bati, ufa wa udongo, sanduku bovu uani. Na zaidi ya vyote, nyumba tupu. Familia ikiondoka kwenda Kanada au ikirudi nyumbani, nyumba inabaki imefungwa mwaka mzima hakuna anayekandika nyufa. Nenda ukahesabu mwenyewe nyumba za nyuki kijijini kwako, kisha utuambie ni ngapi zilikuwa tupu.

Inawezekana kuwatoa, na si uchawi. Kundi lililotua leo tawini au ukutani lina utulivu, kwa sababu matumbo yamejaa asali na hawana watoto wa kulinda. Ukisubiri wiki mbili au tatu wanakuwa na sega na majana, na hapo ndipo wanapokuwa wakali. Kwa hiyo mwite mutu siku ileile, usingoje waanze kudunga. Mwenye kujua anakuja jioni, amevaa ovaroli, kofia ya wavu, glavu na buti. Bomba la moshi lina magunzi au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi wa baridi, si moto. Anafungua ukuta pole pole. Sega zenye majana anazikata na kuzifunga kwa kamba ya mgomba kwenye vijiti vya sanduku, vile vyenye upana wa milimita 32, kwa sababu nyuki wetu wenyewe hujipangia sega kwa nafasi hiyo. Asali inaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Malkia akishaingia sandukuni utawajua wenzake: wanasimama mlangoni mikia juu, wanapepea mabawa kuwaita waliobaki. Sanduku linaachwa pale mpaka giza, watembezi wote warudi, ndipo linafungwa na kubebwa. Libebwe mbali, kilomita tano hivi. Ukiliweka mita mia mbili tu, vibarua wanajua njia, watarudi kwenye ukuta wao wa zamani. Kisha nta inakwanguliwa yote, na tundu linakandikwa siku hiyohiyo.

Kuna mama watatuuliza: na kama nyuki wanadunga watoto sasa hivi, mwenye ovaroli yuko Rubondo, tufanye nini? Swali hilo ni la haki, na hatutamwambia mama apende nyuki kuliko mtoto wake. Kwanza ondoa watu, kisha mbuzi na kuku waliofungwa, kwa kuwa mnyama aliye kwenye kamba ndiye anayekufa. Kimbieni moja kwa moja, uso umefunikwa, muingie ndani ya nyumba nyingine mufunge; musiruke majini, watawangoja juu. Mwiba ukwanguliwe mara moja kwa ukucha, maana unaendelea kusukuma sumu, na harufu yake, inayofanana na ndizi mbivu, inaita wengine. Anayevimba midomo au koo, au kupumua kwa shida, hata kama amedungwa mara moja tu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Na ikilazimika kabisa kundi life, maji yenye sabuni nyingi yanawaua, mradi anayemwaga awe amejifunika mwili mzima. Hayachomi nyumba wala hayana sumu ya shambani. Tunalisema bila furaha, lakini ni afadhali kuliko chupa ya petroli.

Sasa vyeti. Shirika moja lilikuja, likatufundisha siku tatu ukumbini. Tulikula wali, tukapigwa picha tumevaa ovaroli nyeupe kwa zamu, kwa sababu zilikuwa mbili tu, na siku ya tatu jioni ovaroli zikapanda gari zikaondoka. Sisi tukabaki na karatasi. Mizinga ya mradi iliwekwa mbali karibu na kilima, na hilo ni sawa, mizinga haikai kati ya nyumba. Lakini nyuki waliotuingilia majumbani hawakuwa kwenye mradi, basi hakuna wa kuwashughulikia. Ukiuliza, unaambiwa hiyo ni kazi ya usalama. Ukiuliza wa usalama, wanakuambia ni kazi ya mazingira. Wakati huo mama amelala nje na watoto watano.

Hatuombi mafunzo mengine. Jameni, tumefundishwa ya kutosha! Tunataka kila zone, Base Camp, Juru na Rubondo, iwe na ovaroli mbili, bomba moja la moshi, ndoo na sanduku, vikae kwa mwenyekiti wa RWC wala si kwenye stoo ya mradi yenye kufuli. Vijana wawili wajulikane, na namba yao ibandikwe bombani ambapo kila mutu anafika. Mwenye nyumba asilipe kitu. Asali isiyo na majana wagawane nusu na nusu, yeye na vijana, na kundi liende kwa mfugaji aliye na nafasi. Wanaosema vijana watauza vifaa, tunawajibu: wekeni daftari, tuandike sahihi kila tunapochukua. Tumeshasaini karatasi nyingi za maana ndogo kuliko hiyo.

Na wenyeviti, mkutano ujao mumwite yule bibi akae mbele. Musimwite kumhoji. Asikie kwa masikio yake, mbele ya waliorusha mawe, kwamba nyuki waliingia kwenye pengo la bati.

Sisi hatungoji. Jumamosi saa tisa mchana tunagonga sanduku la kwanza nyuma ya ukumbi wa vijana. Misumari ipo, nyundo tumeazima kwa fundi viti. Tumepungukiwa mbao na wavu wa kofia. Mwenye chandarua kilichotoboka, asikitupe, alete.