Ng'ombe Wote Boma Moja?

Hapa Nyamuswa mwenye ng'ombe wengi huwapeleka wengine kwa jamaa wa mbali, ili ugonjwa ukiingia bomani asibaki na kamba tu. Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 na ulio chini ya UTT AMIS, shirika la Serikali, hufanya hivyo kwa fedha. Hukusanya shilingi za watu wengi, ukanunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, penye mabenki, viwanda vya bia na vya saruji, pamoja na hatifungani za Serikali. Bia ikidorora, riba ya hatifungani haikomi. Wewe hupewa vipande, na bei yake hupanda na kushuka.

Basi fedha za pamba ulizokwisha kuzitenga kwa ada ya bweni Januari, usizitie humo. Hisa zaweza kuwa chini siku ile ile unayotaka kuuza. Mfuko wa Ukwasi wafaa zaidi, kwani haununui hisa. Lakini akiba ya mtoto aliye bado mgongoni, iache Umoja miaka kumi. Na yule apitaye na pikipiki akiahidi faida maradufu kwa mwezi, mwulize kwanza ananunua nini.