Sigara ya Lindo

Askari havuti sigara kwa kutojua kwamba inaua. Miaka niliyokuwa tabibu kwenye zahanati ya kikosi, sikupata mvutaji hata mmoja aliyesoma onyo la pakiti akasema, "Kumbe!" Anavuta kwa sababu lindo la saa nane usiku halina mwisho, baridi inauma, na mwenzake ana kiberiti.

Tena kuna hili tunalolinyamazia: mvutaji hupewa mapumziko. Vijana wanachimba mahandaki, jua la saa saba, koplo anaita, "Haya, wavutaji, dakika tano!" Wenye sigara wanakwenda mwembeni, wasiovuta wanabaki na sururu. Nimewaona waliojifunza kuvuta ili nao wapate kivuli. Ningekuwa mkuu wa kikosi, ningeanzia hapo, mapumziko yawe ya wote au yasiwepo.

Hoja ninayoisikia sana ni kwamba sigara inamweka mlinzi macho. Ukweli ni kwamba nikotini ikipungua mwilini, ndani ya saa chache tu, mvutaji anaanza kukosa utulivu na mawazo yanatangatanga. Sigara inayofuata inamrudisha pale ambapo mwenzake asiyevuta hakuwahi kutoka. Na macho je? Huchukua karibu nusu saa kuzoea giza sawasawa. Njiti moja ya kiberiti ikiwaka mbele ya uso, mlinzi anaanza upya, huku adui ameshajua alipo. Sizungumzii hata vidonda vya wavutaji, ambavyo hukawia kupona. Kila aliyefunga bendeji anavijua.

Jeshi likitaka, linaweza. Marekani iliwatilia askari wake sigara ndani ya pakiti za chakula vitani, pamoja na biskuti na kahawa, na haikuacha mpaka 1975. Nchi hiyohiyo ilipofika mwisho wa 2010 ikakataza kuvuta ndani ya nyambizi, na mwaka 2016 ikaagiza maduka ya jeshi yasiuze tumbaku kwa bei ya chini kuliko ya uraiani. Hawakuishia kumhubiria askari. Walishughulikia bei na mahali.

Kwetu kuruta anakaa depo miezi bila kuvuta, kwa amri, na anakimbia vizuri tu. Akihitimu anaiwasha jioni hiyohiyo, maana mkufunzi aliyemkataza alikuwa akivuta mbele yake kila siku. Mkufunzi anayevuta akavutie mbali na makuruta, na kantini ya kikosi iache kuuza sigara mojamoja.

Sajinitaji mmoja aliwahi kunibana: "Daktari, ukimnyang'anya sigara, saa nane usiku utampa nini?" Nilimjibu: chai ya moto kwenye chupa, koti zito, na mtu wa kumpokea zamu anayefika kwa wakati. Akacheka, akasema hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.