Mtoto wa Chwele na Hisabu za Mtandaoni

Kutoka Mombasa hadi Chwele ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Utapita Nairobi, utapita Nakuru na Eldoret, utaingia Bungoma, kisha utashika njia inayoelekea miguuni mwa Mlima Elgon. Hapo ndipo lilipo soko la Chwele, mojawapo ya masoko makubwa ya mazao katika magharibi ya Kenya. Vitunguu, nyanya, ndizi na mahindi hushushwa hapo, na wachuuzi huyafuata kutoka mbali. Huenda ukauliza: sisi watu wa pwani tuna nini na Chwele? Tunalo jambo moja, nalo ni hisabu.

Mtazame mtoto anayemsaidia mamaye kuuza mahindi. Wazee wetu hapa pwani walipima kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kule bara kipimo ni gorogoro, mkebe wa kilo 2. Mnunuzi akitaka gorogoro tatu na kutoa noti ya shilingi 1,000, mtoto humrudishia chenji yake kabla hajafunga mfuko. Hakushika kalamu wala karatasi. Mtoto huyo huyo akisimamishwa mbele ya ubao, akaandikiwa hesabu ile ile kwa tarakimu na alama, hutoka jasho. Je, akili ameiacha sokoni?

Jambo hili si la Chwele peke yake. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, Brazil. Walikwenda mitaani kununua kwa watoto wachuuzi. Kijana mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, nazi moja ikiwa cruzeiro 35. Alijua kwamba nazi tatu ni 105. Akaongeza tatu nyingine, ikawa 210. Akaongeza tatu tena, ikawa 315. Akamalizia na moja, akapata 350. Katika maswali ya namna hiyo watoto wale walipata kiasi cha 98 katika kila 100. Walipoletewa hesabu zile zile zimeandikwa tupu, bila ya nazi wala mnunuzi, walipata 37 katika 100. Watoto wenyewe walikuwa watano tu, lakini mwalimu yeyote wa kwetu akisoma habari yao atawatambua wanafunzi wake.

Kwa nini tunalileta jambo hili leo? Kwa sababu mlango wa kuikimbia hisabu umefungwa. Katika mpango mpya wa elimu wa Kenya, ilikuwa imepangwa kwamba mwanafunzi wa sekondari ya juu asiyechukua njia ya sayansi aweze kuiacha hisabati. Wananchi wengi walipinga, na mwezi wa Aprili 2025 serikali ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: ile kamili kwa wa sayansi, na nyingine nyepesi zaidi kwa waliobaki. Twaona uamuzi huo ni wa haki. Lakini kumlazimisha mtoto kusoma si sawa na kumfundisha. Tukimlazimisha bila ya kumfundisha, tutakuwa tumemwongezea aibu tu.

Hapo ndipo watu wanapoutaja mtandao wa intaneti, na kweli mna hazina humo. Kuna masomo ya bure ya Khan Academy, yaliyoanzishwa na Salman Khan wa Marekani mwaka 2008. Kuna GeoGebra, programu iliyobuniwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001: mtoto hulivuta pembe moja la pembetatu, akaona pembe zote zikibadilika huku jumla yake ikibaki nyuzi 180. Na kwa Kiswahili kuna Ubongo Kids, vibonzo vilivyoanza kuonyeshwa Dar es Salaam mwaka 2014, ambavyo wahusika wake hutatua mafumbo ya hisabu kwa nyimbo na vituko. Mtoto anayecheka huku akigawanya sehemu hawezi tena kuambiwa kwamba hisabu ni ya wenye vichwa vikubwa.

Lakini hazina iliyo baharini haimshibishi aliye ufukoni bila chombo. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kuzipelekea shule za msingi vifaa vya kompyuta, na vikapita milioni 1. Katika shule nyingi vilifungiwa makabatini, kwa hofu ya wezi au kwa kukosa wa kuvitumia. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga shule, tuliambiwa watoto wasomee mtandaoni. Mwenye simu nzuri na pesa za bando alisoma. Mtoto wa mkulima ambaye simu ya nyumbani ni moja, nayo imo mfukoni mwa baba, alikwenda shamba. Wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021.

Basi la kufanya ni lipi? Jibu alikwisha kutuonyesha mwalimu mmoja, na ajabu ni kwamba kijiji chake kinaitwa Pwani, ingawa bahari haionekani huko. Ni katika kaunti ya Nakuru, ambako Peter Tabichi alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na intaneti ya kuja na kupotea. Alichofanya ni kwenda kwenye vibanda vya intaneti, kupakua masomo yanayofaa, na kurudi nayo darasani ambako yalifunguka bila ya mtandao. Mwaka 2019 alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Wengi wameikumbuka tuzo. Sisi twaona cha kukumbukwa zaidi ni ile safari ya kibandani.

Maana safari ile inatufundisha kwamba somo la mtandaoni humfikia mtoto pale tu anapokuwapo mwalimu wa kulichagua, kulileta, na kuliunga na maisha yake. Video iliyotengenezwa Marekani haijui gorogoro. Mwalimu wa Chwele anaijua. Akiisimamisha video katikati na kuuliza, "Gunia moja hutoa gorogoro ngapi?", darasa zima litaamka.

Wala hili si geni katika elimu ya hisabu. Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad, yapata mwaka 820, alisema amekusudia yale watu wanayoyahitaji katika mirathi, wasia, ugavi na biashara. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mafungu ya urithi. Leo jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, ambalo ndilo roho ya kila kompyuta. Mwenye elimu hiyo alianza na mambo ya sokoni na nyumbani. Sisi tunaanza na alama tupu, kisha tunashangaa watoto wakisinzia.

Rai yetu ni hii. Kila shule, iwe Chwele au Lamu, iwe na angalau kompyuta moja iliyojazwa masomo yanayofunguka bila intaneti; programu ya Kolibri, kwa mfano, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Mwalimu apewe muda na nauli ya kuyachagua, na mafunzo ya kuyatumia, kabla ya vifaa vingine kununuliwa. Na vile vilivyomo makabatini vifunguliwe. Nasi wazazi tusiseme tena mbele ya watoto kwamba hisabu ilitushinda. Tuwape chenji waihesabu, tuwape pishi waigawe, tuwaketishe tunapogawa mirathi.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini asiyejua kuhesabu, hata kibaba kikijaa, atajuaje kwamba hakupunjwa?