Safari ya Kutazama Maua



Kijana mmoja wa Kolwezi aliona katika kitabu picha ya miti ya Japani iliyofunikwa na maua meupe yenye wekundu hafifu, hata matawi hayaonekani. Akamwambia baba yake, «Baba, nikiwa mkubwa nitasafiri kwenda kuyatazama maua haya.» Baba akacheka, akamjibu, «Mwanangu, nauli ya kufika huko ni mshahara wa miezi mingi. Tena ukichelewa juma moja tu, utayakuta yamekwisha kupukutika.»

Jibu la baba lilikuwa la kweli, lakini lilimwacha mtoto pale pale. Kwa hiyo leo tuzungumze habari ya safari hiyo: kwanza jinsi wenyeji wa Japani wanavyoipanga, kisha jinsi sisi wa Lualaba tunavyoweza kupanga ya kwetu.

Wajapani huyaita maua hayo *sakura*. Huchanua katika majira ya kuchipua, na mahali pengi ni mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Maua yakiisha kukunjuka yote, hukaa kama juma moja tu, na mvua ya upepo yaweza kuyaangusha kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo watu hawaendi ovyo. Mjini Tokyo watumishi wa idara ya hali ya hewa huuangalia mti mmoja uliochaguliwa; maua matano au sita yakifunguka, hutangaza kwamba majira yameanza. Hapo jamaa huchukua mikeka na chakula, wakaenda kuketi chini ya miti, wazee kwa watoto.

Kuna jambo kubwa zaidi. Katika mji wa Kyoto watu waliandika siku ya kuchanua kwa maua tangu mwaka 812. Walioandika walikuwa wakuu na watawa wa huko, nao waliweka tu habari za karamu na matembezi yao katika vitabu vyao vya kila siku. Hawakujua kwamba wanaifanyia dunia kazi. Mtaalamu mmoja wa Osaka, Yasuyuki Aono, alizikusanya tarehe hizo. Nazo zikaonyesha kwamba mwaka 2021 maua yalifikia ukamilifu wake tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wo wote uliotangulia katika miaka 1200. Ndivyo vitabu vya matembezi vilivyokuja kuwa ushahidi kwamba dunia inazidi kupata joto.

Sasa turudi nyumbani. Je, sisi hatuna maua ya kusafiria? Tunayo, tena kwa majira mawili.

Majira ya kwanza ni Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Nchi imekauka, moto umepita porini, na mtu angedhani kila kitu kimekufa. Ndipo miputu na miti mingine ya msitu wetu hutoa majani mapya, mengine mekundu kama shaba iliyong'arishwa, mengine ya rangi ya divai, kisha hugeuka kuwa kijani. Mjini Lubumbashi mijakaranda nayo hujaa maua ya zambarau, na barabara chini yake huwa kama zimetandikwa. Mijakaranda ni wageni waliotoka Amerika ya Kusini. Miputu ni wenyeji.

Majira ya pili ni mwisho wa masika, nayo ndiyo yanayotuhusu hasa, kwa maana maua yake hayaonekani Japani wala Ulaya. Kutoka Kolwezi kupita Fungurume na Likasi hata kuvuka Lubumbashi, mna vilima zaidi ya 150 vyenye shaba karibu na uso wa ardhi. Msitu unavizunguka, lakini vyenyewe havina miti, kwani udongo wao una shaba nyingi mno: katika kilo moja ya udongo mna maelfu ya miligramu, na mizizi ya miti mingi haiwezi kustahimili sumu hiyo. Wazee wetu waliokuwa wakiyeyusha shaba na kufinyanga misalaba yake waliujua upara huo wa vilima, na watafutaji wa madini waliokuja baadaye wakaufuata.

Lakini penye sumu kwa wengine, wengine wamepata makao. Juu ya vilima hivyo huota majani mafupi na maua madogo yaliyozoea shaba. Mashuhuri ni lile liitwalo ua la shaba, ambalo wataalamu hulipa jina la *Haumaniastrum katangense*. Karibu na Lubumbashi limeota hata mahali palipokuwa na tanuru za kale, kwa kuwa masalio ya shaba yamebaki udongoni. Mwaka 1982 wataalamu waliandika jinsi ua hilo linavyoweza kuwaonyesha wachimbuzi wa mambo ya kale mahali babu zetu walipofanyia kazi. Pia lipo la manjano lipendalo udongo wenye kobalti, *Crotalaria cobalticola*. Katika mimea mia kadhaa ya vilima hivyo, aina zaidi ya 30 hazijulikani mahali pengine po pote duniani.

Hapa, wasomaji, ndipo safari yetu inapotofautiana na ya Wajapani. Ua la *sakura* likipukutika, mti unabaki, na mwakani utachanua tena. Ua lisiloota ila juu ya kilima cha shaba halina mahali pengine pa kwenda, na kilima chake ndicho hicho hicho kinachotakiwa na mashine. Karibu na Kolwezi, penye machimbo ya Dikuluwe, paliota mmea mmoja mdogo ulioitwa kwa jina la mahali hapo, *Acalypha dikuluwensis*. Mara ya mwisho wataalamu walipouchuma ilikuwa mwaka 1959. Baadaye kilima kilichimbwa, na mwaka 2012 mmea huo ukaandikwa katika hesabu ya viumbe vilivyotoweka. Watu wangapi wa Kolwezi walipata kulijua jina lake? Ulizaliwa kwetu, ukafa kwetu, wala hatukuuombolezea.

Simlaumu mtu anayekula jasho lake machimboni. Shaba imesomesha watoto wengi wa nchi hii, na baba wa familia hawezi kuwalisha watoto maua. Tena huko Tenke na Fungurume kumekuwa na juhudi za kukusanya mbegu na kuhamisha udongo pamoja na mimea yake kabla ya kuchimba. Hata hivyo kitu kisichojulikana na wenyeji hakina mtetezi, na jirani asiye na jina huzikwa usiku.

Basi tuipange safari. Kwanza, chagueni kilima kimoja ambacho bado kipo, kisicho mbali. Pili, ombeni ruhusa: kwa chifu wa mahali, na kwa kampuni ikiwa kilima kimo katika eneo lake. Msiingie kwa siri, wala msikaribie mashimo ya wachimbaji wa mikono, kwani kingo zake huporomoka. Tatu, nendeni asubuhi, mwezi wa Aprili au Mei, barabara zikiisha kukauka. Chukueni maji ya kunywa kutoka nyumbani, maana maji ya huko si ya kuaminiwa. Wala watoto wasitie majani mdomoni, na wote wanawe mikono kabla ya kula. Nne, msing'oe kitu. Aina fulani zimebaki juu ya kilima kimoja tu, na mkono wa mtoto mmoja waweza kupunguza kilicho kichache.

Jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote. Nunueni daftari moja la shule. Andikeni humo tarehe, jina la kilima, rangi ya maua mliyoyaona, na kama mvua zilikwisha mapema au zilichelewa. Bibi akijua jina la ua kwa lugha ya kwenu, liandikeni kama anavyolitamka. Mwaka ujao rudini kilima kile kile, mwandike tena. Watu wa Kyoto hawakuanza na elimu kubwa. Walianza na tarehe moja.

Kijana wetu wa Kolwezi huenda siku moja akafika Japani, nasi tunamtakia heri. Akiulizwa na wenyeji wake, «Na kwenu yachanua maua gani, na lini?» itakuwa aibu akose la kujibu. Afadhali afungue daftari la baba yake, awasomee.