Tuzuie Wagonjwa Kuanguka Wodini

Mgonjwa akianguka hospitalini tumezoea kusema ni bahati mbaya, tukamwachia Mungu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya madhara yote yanayowapata wagonjwa hospitalini, hakuna linalotokea mara nyingi kama kuanguka: mara 3 hadi 5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa, na zaidi ya theluthi moja huishia kwenye majeraha. Jambo linalojirudia hivyo lina sababu, na lenye sababu huzuilika.

Sababu zenyewe tunazijua. Mzee aliyemeza dawa ya presha anabanwa na mkojo saa nane usiku. Choo kiko mwisho wa korido, taa imeungua, sakafu ina maji. Anaona haya kumsumbua nesi aliyeachiwa wodi nzima peke yake. Anashuka kitandani haraka, kizunguzungu kinamshika, anadaka stendi ya dripu yenye magurudumu, anakwenda chini pamoja nayo. Alilazwa kwa malaria. Sasa amevunjika nyonga.

Sisi tunaouguza tuanze. Tumletee mgonjwa viatu vinavyokamata mguu, tuache kandambili zilizolika. Maji, simu na mkongojo viwe karibu na mkono wake. Kabla ya kusimama, akae kidogo ukingoni mwa kitanda. Tumsindikize chooni kabla hatujaaga, na kama amewahi kuanguka nyumbani, nesi aambiwe.

Akianguka, tusimnyanyue kwa pupa, maana aliyeumia shingo au nyonga tutamzidishia. Tuite nesi, tuseme kama amepiga kichwa au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hospitali nazo zimpime kila anayelazwa kama yumo hatarini kuanguka, zishushe vitanda, ziweke vyuma vya kujishikia vyooni, na kuandika kila tukio bila kuwinda nesi wa kuadhibiwa. Anayeogopa adhabu huficha. Wajumbe wetu kwenye kamati za usimamizi wa vituo vya afya waulize kila robo mwaka: wameanguka wangapi, wapi, saa ngapi?

Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani ni tarehe 17 Septemba, lakini tusiingoje. Mkutano ujao wa mtaa au kijiji, simama udai taa ya korido na chuma cha chooni. Halmashauri haishindwi na hivyo.