Mtambo Ukilala, Mchicha Haulali

Nikuulize, jirani yangu wa Magongo, wa Port Reitz, wa Chaani: mchicha ulioula jana usiku ulinyweshwa maji gani?

Hujui. Hukuuliza. Uliona fungu ni bichi na bei ni nafuu, ukatoa pesa, ukaenda zako. Hata mimi nimefanya hivyo miaka mingi. Sasa nimechoka kunyamaza.

Sisi watu wa wadi ya Airport, hapa Mombasa, tuna mtambo wa Kipevu mlangoni petu, uliojengwa kusafisha maji taka ya Changamwe na vitongoji vyake, karibu mita za ujazo 17,000 kwa siku. Ng'ambo ya Makupa, kule kisiwani, mtambo wa Kizingo ulikufa, na uchafu ukashuka baharini miaka nenda miaka rudi. Na Likoni na Kisauni? Kule watu wameachiwa vyoo vya shimo na malori ya kunyonya.

Sasa nisikilize. Mtambo ukifungwa, kinachofungwa ni usafishaji tu. Choo hakifungwi. Bomba halifungwi. Tumbo halifungwi. Uchafu ni ule ule, mtaro unaoubeba ni ule ule, mkulima anayechota humo kumwagilia mchicha ni yule yule na ndoo yake. Aliyekuwa akichota maji yaliyosafishwa sasa anachota choo.

Usimtukane. Achote wapi? Maji ya mfereji yanatoka Mzima, kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na Baricho, kule Kilifi. Yakifika kwetu hayatoshi hata kunywa. Mtungi wa mkokoteni haumwagilii tuta. Kisima cha karibu na bahari kina chumvi, na cha mtaani kimepakana na choo. Chumvi inaua mche. Choo kinaua mlaji.

Kipindupindu tunakijua. Minyoo je? Mayai yake hukaa udongoni miezi na miezi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kumwagilia mboga yasizidi yai 1 la minyoo kwa lita nzima. Kanuni zetu za ubora wa maji zinakataza kumwagilia maji taka yasiyofikia kiwango. Nani amekuja kuyapima ya mtaro wetu? Umemwona? Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tunayaficha ndani ya sufuria, tunayatia nazi, tunawapakulia watoto.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Leo nawavunjia neno. Amka!

Amka utazame juu. Mombasa hupata mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 10 kwa 10 linapokea lita 100,000. Tazama magodauni ya Changamwe: paa la mita za mraba 5,000 linapokea lita milioni 5! Zinakwenda wapi? Zinafurika barabarani, zinaingia majumbani mwetu, zinaishia baharini. Masika tunazama, kiangazi tunachota choo. Hii ni akili?

Amka utazame misikiti. Maji ya udhu hayana sabuni wala kinyesi. Watu 300 wa sala ya Ijumaa, kila mmoja lita 3, ni lita 900. Zote mtaroni! Nani ametukataza kuzielekeza kwenye tuta la mboga?

Amka utazame Shanzu. Kwenye gereza la Shimo la Tewa, chini ya mradi wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walitengeneza bwawa la mimea la kusafisha maji taka ya jela, ili yamwagilie na yafugiwe samaki. Mizizi na vijidudu vinakula uchafu. Havingoji mota wala umeme. Wafungwa walifikiriwa. Sisi tulio huru nani atatufikiria?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Basi tudai. Mtambo usizimwe kabla mkulima hajaonyeshwa maji mengine. Godauni jipya lisipewe idhini bila tangi la mvua. Maji ya kumwagilia yapimwe, na majibu yabandikwe sokoni tuyasome.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu tutaujenga kwa bili za hospitali.

Kesho ukifika kwa mama mboga, usianze na bei. Anza na maji. Akikwambia ni ya mtaroni, usimkimbie. Naye ana watoto, nao wanakula mchicha huo huo. Mfuate mpaka kwa mkulima, kisha nendeni nyote watatu kwa mwakilishi wa wadi, mkamuulize: tangi letu liko wapi?

Na msiondoke mpaka ajibu.