Sheria Haijaua Ubunifu Popote

Juzi nilimsikia mtaalamu mmoja redioni akitamka, bila hata kusita, kwamba Ulaya imeachwa nyuma katika akili mnemba kwa sababu imejirundikia sheria, na Marekani inaongoza kwa sababu haina. Mtangazaji akaafiki. Nimechoka na kauli hii.

China je? Mbona haitajwi? Machi 2022 kanuni zake za algoriti zinazowachagulia watu cha kutazama zilianza kazi. Januari 2023 zikafuata za picha na sauti za kughushi, na Agosti mwaka huohuo za programu zinazotunga maandishi. Wakati huo Ulaya ilikuwa bado inabishana. Sheria yake ya akili mnemba ilianza Agosti 2024. Sizitetei kanuni za Beijing, maana zimejaa udhibiti wa maneno ambao mwandishi yeyote lazima auchukie. Lakini ni chini ya kanuni hizohizo kampuni ya DeepSeek ya Hangzhou ilitoa modeli ya akili mnemba iliyotikisa soko la hisa la New York Januari 2025, kampuni ya chipu ya Nvidia ikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani ya hisa zake kwa siku moja. Aliyeuawa na sheria hapo ni nani?

Na hiyo Marekani isiyo na sheria iko wapi? Kweli, Trump aliifuta amri ya Biden kuhusu akili mnemba siku aliyoapishwa, Januari 20, 2025. Ila Julai mwaka huo Seneti ilipiga kura 99 kwa 1 kukiondoa kwenye muswada kifungu ambacho kingeyazuia majimbo kutunga sheria zao za akili mnemba, na Septemba California, nyumbani kwa OpenAI na Google, ikapitisha ya kwake.

Wengine husema teknolojia huipita sheria mbio, basi tuiache bila sheria. Tufute na sheria za barabarani, kwa kuwa magari nayo yanakimbia!

Na Ulaya yenyewe ilikuwa nyuma miaka mingi kabla ya sheria yake kuandikwa. Inakosa mitaji, na masoko yake ya fedha yamegawanyika nchi kwa nchi.

Kinachoniudhi zaidi ni kuisikia kauli hii Nairobi. Hapohapo vijana walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maelezo ya ubakaji na mauaji, ili ChatGPT ya OpenAI ifundishwe kuyaepuka. Kenya haikuwa na sheria yoyote ya akili mnemba wakati ule, na mabilioni yaliyotokana na kazi ile yako San Francisco.